Birika na Skrini Isiyokuwepo

Ofisini walimwita Birika, na jina lilimkaa. Walilitoa kwenye ule msemo wa mtu mwenye mkono wa birika, asiyetoa kitu hata umpigie magoti. Aliyemfahamu nje ya kazi alilisikia akashangaa. Kabati la nguo nyumbani kwake lilikuwa halifungiki kwa kujaa. Mkoba wake ulibeba pipi, leso, sindano na uzi, na miavuli miwili, mmoja wake na mwingine wa yeyote atakayeloa. Ubahili wake ulikuwa wa kitu kimoja tu, memori ya kompyuta, na hapo hakuwa na mjomba wala shangazi.

Alifanya kazi kwenye kiini cha mfumo. Watu hutumia kompyuta miaka nenda miaka rudi bila kukijua kiini, kwa kuwa hakionekani popote. Ni ile programu ya chini kabisa inayoamka mapema mashine ikiwashwa. Ndiyo inayozigawia programu nyingine memori, na ndiyo inayoichukua zikishamaliza. Na kabla ya kumgawia yeyote, hujikatia fungu lake yenyewe.

"Programu ikizidisha, kiini kinaikemea," alimweleza bosi siku aliyokuja kuomba kazi. "Kiini chenyewe kikizidisha, nani anakikemea?"

"Nani?" bosi akauliza.

"Mimi."

Akaajiriwa. Meza yake ikawekwa karibu na dirisha, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, na haikuchukua muda ikajaa vibao vya kompyuta vilivyovuliwa maganda, nyaya za kila rangi, na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyethubutu kukisogeza.

Kwao alikuwa kitindamimba. Kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka kadhaa, alipofuka utotoni kwa maradhi, na kazi ya kumsomea vitabu ilimwangukia Birika mara tu alipojua kuunganisha herufi. Walikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, yeye na kitabu, kaka na masikio. Akichoka, aliruka ukurasa.

"Mdogo wangu," kaka alimwambia, "huyu mfalme sasa hivi alikuwa anakula. Amezikwa saa ngapi?"

Akarudi nyuma, akausoma ule ukurasa kwa kununa.

Kaka alisoma mpaka chuo, akawa mwalimu wa historia katika shule ya wanafunzi wasioona. Hapo hapo alimpata mke, mtunza maktaba, mwanamke mcheshi asiyejua kusema kwa sauti ya chini ingawa kazi yake ilidai hivyo. Birika na wifi yake walitaniana tangu siku ya posa na hawakuacha.

Shuleni walitumia visomaji, visanduku vyeusi vyenye vitufe vitano na tundu la hedifoni, ambavyo humsomea mtu kitabu kilichowekwa kwenye kadi. Wifi ndiye aliyezijaza hizo kadi vitabu. Kampuni iliyovitengeneza ilikuwa imeshafunga milango, na ofisi ya Birika ilichukua kazi ya kuvitunza. Vilikuwa vigumu kama jiwe. Vilianguka sakafuni vikaokotwa vizima, vikamwagikiwa maji vikaanikwa na kuendelea. Tatizo lilikuwa sauti.

Sauti ile iliundwa kwa ajili ya lugha nyingine, kisha ikafundishwa Kiswahili juu juu. Ikifika kwenye "ng'ombe" ilikwama kama mtu aliyekabwa na mfupa. "Mbu" aliitwa "embu". Wanafunzi waliibandika jina la Mgeni, na darasani ungesikia mtu akimnong'oneza jirani yake, "Mgeni anasema nini hapo?" Mmoja aliandika katika jibu la sayansi kwamba malaria huenezwa na embu, na mwalimu akauliza darasa zima huyo embu ni mdudu gani. Birika aliposimuliwa alicheka. Kaka yake hakucheka.

"Kwenye mtihani atakatwa alama," alisema. "Jibu analijua. Anayemsomea ndiye hajui kusoma."

Neno hilo lilimwingia Birika, akaenda nalo ofisini.

Huko, meza ya pili kutoka kwake, alikaa mwenzake aliyeitwa Balozi, kwa sababu ndiye aliyetumwa kila palipohitajika maneno laini kwa wateja. Balozi alikuwa anaunda sauti mpya. Alimrekodi mtangazaji mstaafu wa redio, mama mwenye matamshi yaliyonyooka, akayakata maneno yake silabi kwa silabi, kisha akaandika programu ya kuziunga upya. Siku alipoiwasha kwenye kompyuta yake, watu waliacha kazi wakasogea. "Ng'ombe waling'oa nyasi kando ya mbuga," ikasema sauti, na mhasibu wa chumba cha pili akapiga makofi.

Wakaihamishia kwenye kisomaji. Ikasoma sentensi mbili na nusu, ikanyamaza.

"Memori," Birika akasema kabla hata ya kuangalia.

Kisomaji kilikuwa na megabaiti thelathini na mbili, ambazo leo picha chache za simu zingezijaza. Sauti ya Balozi ilihitaji megabaiti saba zaidi ya zilizokuwa wazi. Bosi akawaita wote wawili.

"Naona njia mbili," alisema. "Tuikate sauti mpaka ienee, au tuiambie shule isubiri visomaji vipya."

"Vipya vinatoka wapi?" Balozi akauliza.

"Hapo sasa," bosi akasema.

"Sauti msiiguse," Birika akasema. "Memori ipo. Kuna mtu kaikalia, na mimi nitamwinua."

"Una uhakika gani?"

"Bosi, sijawahi kuona kiini kisichobeba mzigo wa bure. Nipe hicho kiini, halafu mniache."

Akapewa, wakamwacha.

Jambo la kwanza alilofanya ni kukiuliza kiini chenyewe kimejikatia nini. Kiini hueleza, ukijua pa kuuliza. Kinapoamka hutaja maeneo yote ya memori kiliyotenga na sababu ya kuyatenga, mstari kwa mstari, kwa maandishi yanayopita haraka na ambayo hakuna anayeyasoma. Birika aliyasoma. Alipofika katikati alianza kucheka, akacheka mpaka Balozi akavua hedifoni.

"Njoo uone," Birika akasema huku akijifuta macho. "Kisomaji cha shule ya wasioona kimetenga megabaiti sita kwa ajili ya skrini."

"Skrini gani? Mbona hakina skrini?"

"Ndiyo hiyo hiyo ambayo hakina."

Walipochunguza wakaelewa. Kibao cha ndani kiliundwa mwanzoni kwa ajili ya kidude cha watoto cha kuchezea na kutazama video. Kidude hakikuuzika. Kampuni ikavichukua vile vibao, ikavitia kwenye visanduku vyeusi na kuviita visomaji, na kiini hakuna aliyekigusa. Kwa hiyo kila asubuhi, darasani kwa kaka yake, visomaji viliwashwa na kila kimoja kikaweka kando memori nzuri kabisa kwa picha ambazo hakuna siku zingepita hapo.

Birika akaifuta ile skrini. Akaondoa na sehemu za kuendeshea kamera, maana kamera nayo haikuwepo.

Bado ilipelea karibu megabaiti moja. Hapo alihama kwenye vitu vikubwa akaingia kwenye vidogo. Kila sura ya kitabu inapofunguliwa, kiini huandika maelezo yake: iko wapi kwenye kadi, ina urefu gani, msomaji kafika wapi. Maelezo hayo huwekwa kwenye memori iliyokatwa vipande vyenye ukubwa mmoja. Birika akagundua kwamba maelezo ya sura moja yalizidi nusu ya kipande kwa kiasi kidogo sana. Matokeo yake, kila kipande kilibeba sura moja tu, na nusu iliyobaki ilikaa wazi. Akayafungua yale maelezo kuona kwa nini yamevimba. Aliyeyaandika alikuwa amechanganya, kitu kidogo, kisha kikubwa, kisha kidogo tena, na kwa kuwa mashine haipendi kitu kikubwa kianzie mahali popote tu, iliacha uwazi kila baada ya kitu kidogo. Birika akavitanguliza vikubwa vyote, vidogo akavibananisha mwishoni. Hakuondoa hata kimoja. Sasa sura mbili zilienea pale palipokaa moja.

"Yaani umepanga tu?" Balozi akauliza.

"Nimepanga tu."

"Na lile kabati lako?"

"La kwangu halikuhusu."

Sauti ikaenea. Wakaijaribu pale mezani, sentensi hii na ile, aya fupi fupi, ikasoma vizuri. Bosi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze, na Balozi akapiga simu shuleni.

Walikwenda asubuhi. Darasa la historia lilikuwa chumba kirefu chenye madawati ya mbao, ukutani ramani kubwa ya kupapasa, milima yake imelainika kwa kushikwashikwa. Visomaji vilikuwa vimetiwa sauti mpya siku iliyotangulia. Kaka akawaambia wanafunzi wafungue sura wanayoisoma.

Darasa likatulia namna ambayo Birika hakuwahi kuisikia humo. Kisha msichana aliyekaa dawati la mbele akasema kwa sauti, bila kujua kwamba anasema kwa sauti, "Huyu ni mtu?"

Balozi akambana Birika mkono. Birika akafurahi mpaka miguuni.

Furaha haikufika mbali. Nyuma ya darasa mtu alipiga ukelele. Kisha mwingine. Hedifoni zikaanza kuvuliwa, moja ikaanguka sakafuni, na ndani yake Birika akasikia mkoromo mkali uliopanda na kukatika, ukapanda tena. Wengine walicheka, wengine waliuliza kuna nini. Yule msichana wa mbele alikuwa ameinama, viganja viwili vimebana masikio.

"Vueni hedifoni, wote," kaka akasema kwa sauti ya mwalimu, na zote zikavuliwa.

Birika hakujificha nyuma ya Balozi na maneno yake laini. Akaenda mbele ya darasa.

"Nimeharibu mimi," aliwaambia. "Kuna kitu nilikigusa kwenye mashine zenu, na sijui bado ni kipi. Nitakijua. Leo tunawarudishia sauti ya zamani, halafu nitakuja tena."

"Mgeni anarudi?" mtu akauliza, na darasa zima likaguna.

Ile miguno ilimuuma kuliko ule mkoromo.

Mchana walikwenda nyumbani kwa kaka, hatua chache kutoka shuleni. Wifi akaweka chai mezani na hakungoja wakae.

"Wifi yangu, leo umewatia watoto wa watu pilipili masikioni."

"Wifi, niache. Leo sina hata nguvu ya kukujibu."

"Basi ni kweli unaumwa."

Kaka alikuwa anazungusha kikombe chake. "Mlisikia kelele," akasema, "mimi nilichukua kisomaji cha mwanafunzi mmoja nikakisikiliza. Haikuwa kelele tupu. Katikati yake yule mama alikuwa anasema. Nilisikia 'ngo', safi kabisa, halafu 'mia', halafu 'ngo' tena. Kama mtu anayetapika silabi."

Birika akaweka kikombe chini.

"Rudia, Kaka."

"Ngo. Mia. Ngo. Hakuna sentensi, silabi tu, zimemwagika."

Balozi, ambaye ndiye aliyezikata silabi hizo kwa mkono wake, alikunja uso. "Hizo ndivyo ninavyozihifadhi. Lakini hazitakiwi kusikika hivyo. Lazima kwanza programu izichukue, iziunge, ndiyo ipeleke kwenye sauti."

"Hakuna aliyezipeleka," Birika akasema, naye akawa ameshasimama. "Zimechotwa. Ile chipu inayotoa sauti inachota yenyewe kwenye memori. Kuna mahali imezoea kuchota, na mahali hapo mimi nimempa mtu mwingine. Nimezipa silabi zako."

"Mahali gani?"

"Ndiyo ninakwenda kuangalia. Wifi, chai yako nitainywa siku nyingine."

"Nenda, nenda," wifi akasema. "Chai yangu haijawahi kumkimbiza mtu, leo ndiyo mara ya kwanza."

Ilikuwa kama alivyosema. Waliokitengeneza kisomaji walihitaji mahali pa kuwekea sauti inayosubiri kutoka, wakaona eneo la skrini limekaa bure, wakajibanza mkiani mwake. Hawakukiambia kiini. Waliiambia chipu tu, kupitia kijiprogramu kidogo kinachokiamsha kiini chenyewe. Skrini ilipofutwa, kiini kikadhani eneo lote ni huru, kikaanza kuligawa kutoka mwanzoni. Sentensi fupi za mezani hazikufika mkiani. Sura nzima ya kitabu cha historia ilifika.

Birika aliposhika kosa, woga wote ulimwisha. Kosa linalojulikana lilipo lilikuwa kwake kazi kama kazi nyingine. Akakiambia kiini waziwazi kwamba mkia ule una mwenyewe, nacho kikautenga. Mkoromo ukakatika. Lakini mkia ulimeza megabaiti mbili, na sauti ikawa haienei tena.

Bosi akaja akasimama nyuma ya kiti chake. "Mbili tu? Basi hizo mbili zikatwe kwenye sauti. Balozi ameshatengeneza toleo dogo."

"Hebu tulisikie," Birika akasema.

Balozi akaliwasha. Yule mama mtangazaji akasoma aya moja kama mtu anayesemea ndani ya ndoo.

"Si baya sana," Balozi akasema.

"Balozi, mbona unalikunjia uso wewe mwenyewe?"

Balozi akajipapasa uso, akakuta kweli. Akazima. "Ni baya," akakiri. "Linanitia aibu."

"Basi nipeni nafasi ya mwisho," Birika akamwambia bosi. "Zile za juu juu nimeshazichukua. Sasa nataka kuona kiini kinafanya nini kikishasoma kwa muda mrefu."

Bosi alimjua kiasi cha kutobishana naye.

Birika akatia kwenye kisomaji kadi yenye kitabu kinene kuliko vyote vya wifi, historia ya vita na mikataba, akakiacha kisome huku yeye akitazama hesabu ya memori iliyo wazi ikibadilika kwenye kompyuta yake. Ilishuka. Kila sura mpya, ilishuka tena kidogo. Sura iliyokwisha kusomwa haikurudisha kitu.

Hilo peke yake si dhambi. Kiini huyashika maelezo ya sura iliyofungwa kwa sababu msomaji anaweza kuirudia, na kuyatafuta upya kwenye kadi kunachelewesha. Memori ikianza kubana, hupiga wito kwa sehemu zake zote, kila anayeshikilia asichokitumia akitoe. Birika akaufuatilia ule wito. Ulipigwa. Sehemu moja ikatoa, ya pili ikatoa. Ile inayosimamia kadi, ambayo kampuni iliiongezea yenyewe kwa haraka, haikutoa hata chembe. Haikuwa imekataa. Hakuna aliyewahi kuiandikisha miongoni mwa wanaoitwa, kwa hiyo wito uliipita pembeni, nayo ikaendelea kukusanya maelezo ya sura zilizofungwa tangu kisomaji kiwashwe.

"Pole mwaya," Birika aliiambia skrini ya kompyuta yake. "Kumbe hukualikwa."

Kuiandikisha hakukumtaabisha. Kilichomchukulia muda ni kuifundisha itoe kipi na ibakize kipi. Ikitoa hovyo, itatoa maelezo ya sura ambayo msomaji yumo ndani yake. Hapo Birika aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka akaridhika kwamba kinachotoka ni kile tu ambacho hakuna anayekishika. Safari hii hakujaribu kwa aya fupi. Alikisomesha kile kitabu kinene mwanzo hadi mwisho. Akakisomesha huku akibonyeza vitufe hovyo kama mtoto mtundu. Akachomoa kadi katikati ya neno, akairudisha. Akawapa watu wa ofisini kisomaji kila mmoja waende nacho makwao, na mhasibu akarudi akisema watoto wake wamekigombania.

Hesabu ya memori sasa ilishuka, ikabana, wito ukapigwa, na ikapanda. Ikashuka tena, ikapanda tena. Balozi aliviringisha kiti chake akaja kukaa naye, wakaitazama kama watu wanaotazama mpira.

"Imerudisha!" Balozi akasema kila ilipopanda. Baada ya muda hata bosi alikuwa amesimama nao.

Sauti kamili ilienea, na nafasi ikabaki.

Shuleni, kaka yake hakumruhusu aende moja kwa moja darasani. "Kwanza mimi," alisema, akajifungia na kisomaji kwenye chumba cha walimu kwa vipindi vyake vyote vya mapumziko. Alikichagulia kurasa ngumu, zenye tarehe nyingi na majina ya nasaba. Alipotoka alikuwa na malalamiko mawili. Sauti inapumzika mno kwenye mkato, na jina la mfalme mmoja inalikosea.

"Na kelele?" Birika akauliza.

"Kelele zipi?" kaka akajibu, na hapo ndipo Birika alipovuta pumzi.

Wanafunzi walivipokea visomaji, wengine wakipapasa vitufe kwa tahadhari. Yule msichana wa dawati la mbele alikiacha chake juu ya dawati. Mikono ameificha mapajani.

Birika akachuchumaa karibu naye. "Hutaki?"

"Kikinipigia kelele tena?"

"Una haki kuuliza. Tugawane hedifoni. Sikio moja lako, moja langu. Na kabla hujavaa la kwako, mimi nitangulie kusikiliza."

Msichana akafikiri. "Usikilize sana. Siyo kidogo."

Birika akavuta kigoda. Akasikiliza ukurasa, na mwingine. Darasa linaendelea, kaka anauliza maswali, wao wawili wamekaa. Alipofika sura ya pili alihisi kamba ya hedifoni ikivutwa taratibu. Msichana alikuwa ameutafuta upande wa pili kwa vidole, akautia sikioni. Walisikiliza pamoja, vichwa vimekaribiana. Baada ya muda mfupi msichana akaanza kutapatapa kwenye kiti.

"Nini? Umesikia kitu?"

"Hapana. Anachelewa huyu mama." Akabonyeza kitufe cha kasi, akabonyeza tena, na tena, mpaka maneno yakawa yanamiminika kama mvua juu ya bati. Birika hakushika hata neno moja.

"Unamwelewa hivyo?"

"Kwani wewe humwelewi?" msichana akauliza kwa mshangao wa kweli, na waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

Kicheko hicho Birika alikwenda nacho mpaka kwenye ngazi za ofisi. Tangu aanze kazi, alichokitengeneza kilikuwa kitu ambacho hakuna anayekiona. Kikifanya kazi vizuri watu husahau kwamba kipo. Siku ile alikaa bega kwa bega na mtu ambaye masikioni mwake kazi hiyo ilikuwa inapita kwa kasi, na akajua kwamba ameifanya sawasawa.

Mwezi huo huo visomaji vyote vya shule vilipewa kiini kipya. Balozi alilirekebisha jina la mfalme, akaipunguzia sauti mapumziko, akatumiwa na kaka orodha ya majina mengine kumi. Mwalimu wa sayansi alipiga simu ofisini mwenyewe kusema kwamba sasa wadudu wake wanatajwa kwa majina yao. Bosi akamkabidhi Birika mashine za kituo cha kusukumia maji, ambazo zilikuwa zinazimika bila sababu inayojulikana, na yeye akaanza kuzivua maganda asubuhi ile ile.

Na wifi hakukosa la kusema. Jumapili moja Birika alimkuta sebuleni amezungukwa na kadi.

"Kaka yako simpati tena," alilalamika. "Nimemwambia nyumba inaungua, kasema anamalizia sura. Lakini hilo tutalimaliza wenyewe. Mimi nina shida nyingine. Wanafunzi wanataka kamusi ndani ya kisomaji, ili wakikutana na neno gumu walibonyeze. Walimu wanasema haiwezekani, mashine ni ndogo. Haiwezekani kweli?"

"Kubwa kiasi gani, hiyo kamusi?"

"Nene hivi." Wifi akaonyesha kwa vidole, kisha akavipanua zaidi. "Hivi."

Birika akachukua kadi mojawapo, akaigeuzageuza, akilini ameshaanza kuhesabu.

"Niletee faili lake kesho," akasema. "Na safari hii chai yako nainywa yote, nikiwa nimekaa."